Jinsi ya kuona seli zikitengeneza nishati ukiwa nyumbani, kwa hamira, choroko na chokaa

Mitihani ikikaribia naona wanafunzi wanavyokariri ule mlinganyo wa upumuaji wa seli, glukosi na oksijeni vinaingia, kabonidayoksaidi na maji vinatoka, nishati inapatikana, basi, mtu anaandika anapata maksi zake mbili anageuza karatasi. Sasa muulize hiyo oksijeni imefanya kazi gani hasa, atakwambia imechoma sukari. Haijachoma. Oksijeni haiigusi sukari hata mara moja, kazi yake iko mwisho kabisa wa safari, inapokea elektroni tu, na hilo jambo moja ukilishika vizuri somo zima linafunguka na cha kukariri kinabaki kidogo sana.

Hapa nataka nikuelekeze namna ya kuliona hilo kwa macho yako, bila maabara. Tafuta hamira ya chenga, ile kavu ya kuumulia maandazi, sukari, choroko, chokaa kidogo, chupa nne au tano za maji za plastiki za nusu lita, puto, rababendi, pamba, na mpira mwembamba wa dripu ambao ni mpya haujatumika, famasi wanauza. Hamira isiwe baking poda tafadhali, maana baking poda nayo inatoa gesi lakini haina uhai, ile ni kemia ya magadi na asidi tu, utapata povu na hutakuwa umejifunza chochote kuhusu seli.

Kabla hujaanza kitu kimoja kikae sawa. Mapafu hayatengenezi nishati, mapafu yanasafirisha hewa tu, kazi yenyewe inafanyika ndani ya kila seli iliyo hai, kwenye msuli wako, kwenye ubongo, kwenye mwembe hapo uani usiku na mchana (mimea nayo inapumua, sio kwamba inafanya usanisinuru tu halafu basi), na kwenye chenga moja ya hamira ambayo ina seli nyingi kweli zimekaushwa zinasubiri maji.

Anza na hamira

Chukua chupa tatu zinazofanana. Chupa ya kwanza weka glasi moja ya maji ya vuguvugu, kijiko cha chai kimoja cha sukari na kijiko cha chai kimoja cha hamira. Ya pili weka maji na hamira, sukari usiweke. Ya tatu weka maji, sukari, na hamira ambayo umeichemsha dakika tano alafu ukaiacha ipoe. Maji ya vuguvugu maana yake nyuzi 35 mpaka 40 hivi, ukichovya kidole husikii moto wala baridi, na hapo ndo wengi wanakosea wanaweka maji ya chai, kuanzia nyuzi 55 kwenda juu hamira inakufa. Kila chupa ivalishe puto mdomoni, funga na rababendi, na hilo puto ulilegeze kwanza kwa kulipulizia na kulitoa upepo mara kadhaa, puto jipya ni gumu linaweza kukudanganya.

Weka chupa zote sehemu moja yenye joto. Baada ya kama robo saa utaona ile ya kwanza inatoa povu, vipovu vidogo vidogo vinapanda kutoka chini kwenye ule mchanga wa hamira, povu linakuwa la rangi ya maziwa ya chai, alafu puto ambalo lilikuwa limelala linaanza kuinuka taratibu. Ya pili itatoa vipovu kidogo sana au hakuna, hamira ina akiba yake ndogo ya chakula ndani. Ya tatu kimya kabisa, sukari ipo, maji yapo, lakini vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za seli, vimeharibiwa na moto, na kama kesho yake ikianza kutoa povu ujue kuna vijidudu vya hewani vimeingia.

Usije ukafanya hii kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi, na hamira ikiimaliza yote kwa njia hii inaweza kutoa zaidi ya lita moja ya kabonidayoksaidi, kwa kijiko kimoja tu hicho, sasa fikiria vijiko vitano ndani ya chupa iliyofungwa. Inapasuka, na kioo hakichagui pa kwenda.

Hapa sasa ndo penye utamu

Miongozo mingi inaishia hapo, puto limejaa, wanasema umeona upumuaji wa seli, kwaheri. Lakini hebu rudi kwenye mlinganyo uangalie vizuri. Glukosi moja inatumia oksijeni 6 na inatoa kabonidayoksaidi 6. Sita zimeingia, sita zimetoka, na gesi zikiwa kwenye joto moja na mgandamizo mmoja molekuli sita za hii zinachukua nafasi ile ile na molekuli sita za ile. Kwahiyo kama hamira ingekuwa inapumua kwa oksijeni peke yake, puto lisingejaa! Lingebaki limelala vile vile.

Puto limejaa kwa sababu hamira inachachua. Glukosi moja inakatwa inatoa pombe mbili na kabonidayoksaidi mbili, oksijeni haikuingia hata moja, kwahiyo gesi inaongezeka tu ndani ya chupa. Fungua uinuse, utasikia harufu ya pombe, ni njia hiyo hiyo inayofanya mbege ya kule Kilimanjaro iwe mbege. Alafu hamira ina tabia moja ya pekee, ikipewa sukari nyingi inachachua hata kama oksijeni ipo, haingoji iishe.

Gesi yenyewe ipime. Chukua chokaa ile ya kupaka ukuta, au chokaa ya tambuu kwa watu wa pwani, kijiko kimoja kwenye chupa ya maji, tikisa, iache itulie usiku mzima, asubuhi mimina taratibu yale maji meupe kama maji ya kunywa yaliyo juu, ile tope ya chini usiitupe tutaihitaji. Bana shingo ya puto, litoe kwenye chupa, chomeka mpira wa dripu, alafu iachie gesi polepole ndani ya yale maji ya chokaa. Yatageuka kuwa na ukungu mweupe, hiyo ndo kabonidayoksaidi inatengeneza chokaa isiyoyeyuka. Pulizia pumzi yako nayo kwenye glasi nyingine ya maji ya chokaa uone, ukungu ule ule. Pulizia tu usivute, na chokaa isiingie machoni inaunguza vibaya, mtoto mdogo asifanye mwenyewe.

Ifuate glukosi, hatua kwa hatua

Sasa ukiwa na hizo chupa mezani fungua daftari tufuate kinachotokea ndani. Kuna vitu viwili tu vya kufuatilia, kaboni zinaenda wapi na elektroni zinaenda wapi. Usifuatilie majina ya vimeng'enya kwanza, majina yatakuja yenyewe.

Glukosi ina kaboni 6. Inaingia kwenye saitoplazimu, ule ute wa ndani ya seli, nje ya mitokondria (vijumba vidogo ndani ya seli ambamo oksijeni inatumika), na inapita hatua 10 zinazoitwa glaikolisisi. Mwanzoni seli inatoa ATP 2 (molekuli zinazobeba nishati, naeleza hapo chini) kuianzisha kazi, mwishoni inapata ATP 4, faida ni 2. Glukosi inakuwa imekatwa vipande viwili vya kaboni tatu tatu vinavyoitwa pairuveti, na elektroni zilizotolewa njiani zimebebwa na wabebaji wawili wanaoitwa NAD, na NAD iliyobeba inaitwa NADH. Oksijeni haijaguswa popote hapo.

ATP ni nini? Glukosi ni kama noti ya elfu kumi, umepanda daladala, konda hawezi kuichukua kwa nauli, anataka chenji. Msuli nao, neva nazo, pampu za kwenye ukuta wa seli, hakuna hata kimoja kinachopokea glukosi moja kwa moja, vyote vinataka ATP, hiyo ndo chenji ya seli. Na seli haiweki akiba kubwa ya ATP, inatumia na kutengeneza tena ile ile, mtu mzima aliyekaa tu kwa siku nzima anatengeneza upya ATP yenye uzito wa kama kilo 40 au zaidi, wakati iliyomo mwilini kwa wakati mmoja ni kidogo sana kulinganisha na hizo kilo.

Turudi kwenye wale wabebaji wa elektroni maana wao ndo siri ya puto letu. NAD ni chache ndani ya seli. Zote zikishabeba na hakuna pa kushusha, glaikolisisi inasimama, hata sukari iwe imejaa, na seli inakufa. Kwahiyo hamira inafanya hivi, inaikata pairuveti inatoa kabonidayoksaidi, kile kinachobaki inakishushia zile elektroni kinakuwa pombe, NAD inabaki tupu inarudi kazini. Kuchachua hakuleti ATP ya ziada hata moja! Faida ni zile zile 2 za glaikolisisi. Lengo la kuchachua ni kuwashusha wabebaji tu, pombe ni taka kwa hamira. Msuli wako ukikosa oksijeni ya kutosha unafanya kitu hicho hicho ila taka yake ni asidi ya laktiki, na ndo maana msuli hautoi kabonidayoksaidi kwa njia hiyo, mtihani unapenda sana kuuliza hapo.

Mtu aliyetufungua macho hapa ni Eduard Buchner, Mjerumani, mwaka 1897. Kabla yake wengi waliamini kuchachua lazima seli nzima iwe hai. Yeye alisaga hamira akakamua maji yake, seli hakuna, akaweka sukari nyingi ili yasiharibike, kumbe yale maji yakaanza kutoa vipovu. Vimeng'enya vilikuwa vinafanya kazi bila seli. Akapewa Nobel ya kemia 1907.

Seli nyekundu za damu yako hazina mitokondria kabisa, zinaishi kwa glaikolisisi tu maisha yao yote, zimebeba oksijeni na haziitumii. Kimelea cha malaria kikiingia humo nacho kinakula glukosi kwa kasi kubwa na kumwaga laktiki. Ni moja ya sababu mtoto mwenye malaria kali sukari yake ya damu inaweza kushuka hatari, ndo maana hospitali wanampima sukari, na mzazi ukiona wanamtoboa kidole mara ya pili usikasirike ukadhani wanarudia kipimo cha malaria.

Sasa choroko, uone oksijeni ikiliwa

Loweka choroko usiku mmoja, mwaga maji, zifunge kwenye kitambaa kibichi siku moja au mbili mpaka zitoe vijimkia vyeupe. Gawanya mafungu matatu yanayotosha kiganja. Fungu moja lichemshe life, lipoe kabisa. Chukua chupa tatu, kila kifuniko kitoboe kwa msumari uliopashwa moto, pitisha mpira wa dripu ubane, ziba pembeni kwa bigijii iliyotafunwa au nta ya mshumaa, pasiwe na upenyo hata wa sindano, hii kazi yote inafia hapo kwenye kuziba.

Chupa A weka choroko zilizochipua, na juu yake ning'iniza kijifuko cha pamba chenye ile tope ya chokaa, isizifikie choroko. Chupa B choroko zilizochipua bila chokaa. Chupa C choroko zilizochemshwa na kijifuko cha chokaa. Ncha ya mpira wa kila chupa itumbukize kwenye kikombe cha maji uliyoyatia rangi, maji ya rozela yanaonekana vizuri sana. Ziache zikae pamoja kivulini, na usizishike chupa kwa mikono wakati unaangalia, joto la kiganja linatanua hewa ndani linasukuma maji chini.

Chupa A maji mekundu yataanza kupanda ndani ya mpira, na kama umeziba vizuri hungoji sana. Choroko zinakula oksijeni, zinatoa kabonidayoksaidi, chokaa inainyonya hiyo kabonidayoksaidi, kwahiyo hewa ndani inapungua na maji yanavutwa. Chupa B maji yatakaa karibu pale pale, kwa sababu sita zimeingia sita zimetoka! Ule mlinganyo uliokuwa unaukariri unausoma sasa kwenye mpira wa dripu. Chupa C haifanyi kitu. Ikiwa A haipandi angalia upenyo kwanza, alafu angalia chokaa yako, chokaa iliyokaa wazi muda mrefu dukani imeshanyonya kabonidayoksaidi ya hewani na haina nguvu tena, tafuta nyingine.

Ukiwa na chupa mbili za chai na kipimajoto jaribu na hii. Choroko hai kwenye moja, zilizochemshwa kwenye nyingine, zote zisuuze kwanza kwa maji yenye klorini kidogo ili bakteria wasilete joto lao, ziba mdomo kwa pamba sio kifuniko maana zinahitaji hewa, acha siku mbili. Zilizo hai zitakuwa na joto zaidi. Nitakwambia kwa nini nikifika kwenye hesabu.

Ndani ya mitokondria

Oksijeni ikiwepo, pairuveti haichachuliwi, inaingia kwenye mitokondria. Mlangoni inapoteza kaboni moja kama kabonidayoksaidi, na ile mbili iliyobaki inaingia kwenye mzunguko wa Krebs, huko nazo zinatoka kama kabonidayoksaidi. Hesabu, pairuveti zilikuwa mbili, kaboni 2 zimetoka mlangoni na 4 kwenye mzunguko, jumla 6. Kaboni zote za sukari zimeshatoka, na oksijeni ya hewani bado haijatokea kwenye hadithi! Kilichobaki ni elektroni zikiwa zimebebwa na NADH na mbebaji mwingine anayeitwa FADH2.

Huo mzunguko aliueleza Hans Krebs mwaka 1937 akiwa Sheffield, Uingereza, alikokimbilia baada ya kufukuzwa kazi Ujerumani enzi za Hitler kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Alitumia msuli wa kifua cha njiwa, msuli wa kurukia unaofanya kazi kuliko kawaida kwahiyo una mitokondria nyingi. Jarida la Nature halikuichukua barua yake, akachapisha kwingine, na 1953 akapata Nobel.

Hatua ya mwisho ni kwenye utando wa ndani wa mitokondria. NADH inashusha elektroni kwenye mlolongo wa protini, elektroni zinapokezanwa kutoka protini moja kwenda nyingine, na kila zinaposhuka ngazi moja nishati kidogo inatoka na inatumika kusukuma protoni upande wa pili wa utando. Protoni zinarundikana huko, zinataka kurudi, na njia ya kurudi ni kupitia mashine moja inayoitwa ATP sinthesi, zikipita inazunguka, inazunguka kweli kabisa sio namna ya kusema, wanasayansi wa Japani waliionyesha ikizunguka kwenye hadubini mwaka 1997, na kila mzunguko mmoja mzima unatoa ATP 3. Wazo la protoni alilitoa Peter Mitchell 1961, watu wengi walilikataa kwa miaka, akaja kupata Nobel 1978.

Na elektroni zikifika mwisho wa mlolongo zinapokelewa na nani? Na oksijeni. Oksijeni inachukua elektroni, inachukua protoni, inakuwa maji. Kwahiyo oksijeni unayovuta hii dakika inatoka kama maji, zile oksijeni zilizomo kwenye kabonidayoksaidi unayotoa hazitoki kwenye hewa uliyovuta. Mimi hili napenda kulirudia kwa kila mwanafunzi maana likikaa kichwani huwezi tena kuandika kwamba oksijeni inachoma sukari. Mwili unapata kama robo lita ya maji kwa siku kwa njia hii.

Njia ikizibwa

Oksijeni ikikosekana mlolongo wote unasimama kwa nyuma, protini ya mwisho imebeba elektroni haina wa kumpa, ya nyuma yake hivyo hivyo, NADH hazishuki, Krebs inasimama. Unaweza ukawa na hewa tele mapafuni na bado seli zikafa kwa njaa ya nishati, na hapa kuna mambo mawili ya nyumbani kwetu kabisa.

La kwanza muhogo mchungu. Una kemikali zinazotoa sianidi, na sianidi inaikaba ile protini ya mwisho inayompa oksijeni elektroni. Oksijeni ipo, damu imeileta, lakini haipokelewi. Kuloweka muhogo siku kadhaa, kuanika juani mpaka ukauke, kutwanga, yote hayo bibi zetu walikuwa wanatoa sumu hiyo. Njaa ikibana watu wakafupisha siku za kuloweka, ndipo unatokea ugonjwa wa konzo, miguu inapooza ghafla na haiponi, umeonekana Kongo, Msumbiji na hata Tanzania, na unahusishwa na kula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa wiki nyingi huku chakula cha protini kikiwa hakuna. Mwili unatumia salfa kutoka kwenye protini kuigeuza sianidi isidhuru, kwahiyo dagaa au maharage pembeni ya ugali wa muhogo ni kinga kweli. Usifupishe siku za kuloweka hata kama wageni wako njiani.

La pili jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Linatoa kabonimonoksaidi, haina harufu wala rangi, inaing'ang'ania himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, kuliko oksijeni kwa zaidi ya mara 200, oksijeni haifiki kwenye seli. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, mtu anadhani ni uchovu wa kazi. Nakuomba sana, jiko likae nje, hata kama ni msimu wa baridi na hata kama mkaa umebaki majivu mekundu tu.

Kwenye msuli wako

Kimbia kwa nguvu zako zote uwanjani. ATP iliyopo tayari inakwisha ndani ya sekunde chache, akiba ya kriatini fosfeti inakusogeza mpaka kama sekunde 10, baada ya hapo glaikolisisi ya haraka inabeba mzigo na laktiki inapanda, huku njia ya oksijeni ikichanganya taratibu. Rudisha alipokimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 London 2012 alikuwa anatumia njia zote pamoja, na zaidi ya nusu ya nishati kwenye mbio za namna hiyo inatoka kwenye oksijeni. Marathoni ya kina Kipchoge karibu yote ni oksijeni.

Na yale maumivu ya keshokutwa baada ya mazoezi sio asidi ya laktiki, laktiki inaondoka ndani ya saa moja au mbili, ini linaigeuza kuwa glukosi tena na moyo unaitumia kama chakula. Yale maumivu ni nyuzi za msuli zimepata michubuko midogo.

Hesabu ya ATP, 38 au 32?

Hapa ndo wanafunzi wanagombana. Vitabu vya zamani vinasema 38 au 36, vipya vinasema 30 mpaka 32. Fanya hesabu mwenyewe uelewe tofauti inatoka wapi. Glukosi moja inatoa NADH 10, FADH2 2, na ATP 4 za moja kwa moja, 2 kwenye glaikolisisi na 2 kwenye Krebs. Zamani walihesabu kila NADH ni ATP 3 na FADH2 ni 2, kwahiyo 30 na 4 na 4, jumla 38. Baadaye ikaonekana protoni nyingine zinatumika kusafirisha vitu kuingia na kutoka kwenye mitokondria, NADH moja inaleta kama 2.5 na FADH2 1.5, kwahiyo 25 na 3 na 4, jumla 32. Zile NADH 2 za glaikolisisi zimezaliwa nje ya mitokondria, kuna seli zinaziingiza kwa njia inayopoteza kidogo, zinapata 1.5 kila moja, ndo unapata 30.

Glukosi ikiungua yote, moli moja ina nishati ya kama kilojuli 2,870, na ATP moja kwa hesabu ya kawaida inabeba 30.5 kwa moli. Zidisha 32 kwa 30.5 upate 976, ni kama theluthi ya nishati yote. Theluthi mbili zilizobaki zinatoka kama joto, na hilo ndo joto ulilolipima kwenye chupa ya chai yenye choroko, na ndo linaloufanya mwili wako uwe na nyuzi 37 ukiwa umelala.

Kwenye mtihani andika namba ya kitabu cha silabasi yako alafu onyesha hesabu pembeni, NADH ngapi, FADH2 ngapi, umezidisha kwa ngapi. Na ukiulizwa kuchachua kunaleta ngapi, ni 2, kwa hamira na kwa msuli, na usiongeze hata moja kwa ajili ya pombe au laktiki.